Uso wa Kudra binti Halfani

Watu wa Mbeya wa siku zile wakimtaja Kudra binti Halfani huanza na uso wake. Hata leo, vikongwe tuliobaki tukikutana msibani, hakosi mmoja wa kusema, "Yule wa mabaka," kisha akayagusa mashavu yake kwa vidole viwili kutuonyesha, kana kwamba tumesahau mashavu yako wapi. Hunikera sana. Mimi huanza na mikono yake. Nimeshikwa na mikono ile wiki nzima, na mwanamke aliyewahi kushikwa nayo haisahau. Kudra alikuwa somo yangu, ndiye aliyenisinga, akanifunda, akanitangulia njiani nilipopelekwa kwa mume Iringa mwaka wa hamsini na saba. Nitasema nilivyoona mimi, Rukia binti Bushiri, na asiyetaka kusikia mlango uko wazi.

Baba yake, mzee Halfani, alitoka Pangani akifuata dhahabu ya Lupa. Dhahabu ikamkataa, akaja Mbeya mjini akafungua kiduka cha chumvi na mafuta ya taa nyuma ya soko. Mkewe alikuja na jiwe la kusagia liwa, na jiwe hilo likawa urithi wa Kudra. Juu yake alisaga liwa, karafuu na maganda makavu ya machungwa, akakoroga na marashi na matone ya ndimu, akaongeza dalia kidogo ili ile rangi ya manjano ikae ngozini. Hiyo ndiyo singo. Bibi arusi husuguliwa nayo mwili mzima, amefungiwa chumbani, mpaka ngozi inalainika na harufu yake inafika mlangoni kabla yake. Nyumba za Kiislamu za Mbeya, Tukuyu na Chunya zote zilimfuata Kudra. Alilipwa kanga, mchele na heshima, na heshima ndiyo aliyoipenda zaidi. Aliolewa miaka mingi bila kuzaa, na katika mji wetu mwanamke asiyezaa hakuulizwa neno popote. Lakini siku ya arusi ilikuwa siku yake. Somo hutembea mbele, bibi arusi nyuma yake, na hakuna wa kumpita.

Sasa lazima niseme habari za jua, maana mambo yote yalianzia hapo.

Sisi tuliotokana na watu wa pwani tulikuwa na ugomvi na baridi ya Mbeya. Wazee wetu walikufa wakiilalamikia na sisi tukaurithi ule ulalamishi. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishaondoka mlima Loleza, wanawake wa mtaa wetu tulitoa mikeka tukaegemea kuta zinazotazama mashariki, tukaota jua. Tuliota kwelikweli, nyuso juu, macho tumefumba, mpaka karibu na adhuhuri. Na kwa kuwa tumekaa bure, tukajipendezesha papo hapo. Mtu alikata ndimu akajisugua uso mzima, kisha akapaka liwa juu yake, akaendelea kuota. Bibi zetu huko Pangani walijisugua ndimu pia, lakini wao walifanya hivyo ndani, katika vyumba vya giza, wakanawa kabla ya kutoka. Sisi tuliichukua ndimu, vyumba vya giza tukaviacha hukohuko.

Wanawake wa Kisafwa walioshuka na viazi kuja sokoni walituona tumejipanga ukutani, nyuso zinameremeta maji ya ndimu. Mmoja alisimama siku moja, mzigo kichwani, akasema, "Nyie mama, mnajichoma." Tulimcheka mpaka machozi. Jua gani la kumchoma mtu, nasi meno yanagongana? Tulijua jua kwa joto lake tu. Jua lisilo na joto tulilihesabu kuwa halina madhara, na kosa hilo lilikuwa letu peke yetu, maana hakuna mtu mwingine Mbeya nzima aliyekuwa na muda wa kukaa hivyo.

Mwaka wa hamsini na tano Kudra akashika mimba. Mji mzima ulifurahi, au ulijifanya kufurahi. Mimba ilipokua, mabaka yakatokea usoni pake, kwanza juu ya mdomo, halafu mashavuni, halafu kwenye paji la uso, rangi ya kahawa iliyomwagika. Wanawake wa ukutani wakampa dawa waliyoijua. Ongeza ndimu, bibi. Ongeza jua, litayakausha. Akaongeza vyote viwili, na mabaka yakazidi kukolea. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, akaitwa Mwanahawa. Mabaka hayakuondoka.

Hapo ndipo ndimi zilipofunguliwa. Mmoja alisema damu yake chafu. Mwingine akasema ni jini aliyempa ile mimba, na uso ndio malipo yake. Kuna aliyethubutu kusema mtoto si wa Mrisho, na uso wa mama ndio unaotoa ushahidi. Mrisho ni mume wake, fundi cherehani, mtu mpole asiyependa zogo, mwenye masikio yaliyotokeza kama vishikio vya sufuria. Mtoto alizaliwa nayo masikio yale yale, mawili, na bado wakasema. Watu wakitaka kusema hawahitaji macho.

Kudra alijibu kwa kunyamaza, na mimi niliyekuwa jirani yake nilitamani ajibu kwa mchi.

Mwaka uliofuata nikaposwa. Mume alikuwa Mbaraka, kijana wa Iringa, mfanyabiashara wa ngozi, na aliyekuja kuniangalia alikuwa shangazi yake aliyemlea, Bi Waridi. Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa uso, na anayejua kukaa kwenye kiti. Nilimhudumia chai huku nimeinamisha macho, kama inavyotakiwa, kwa hiyo kitu nilichokiona vizuri kwake ni vidole. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi tii. Nilidhani ni masizi.

Mama yangu akamtambulisha Kudra kwa fahari. "Huyu ndiye somo wetu. Ndiye atakayemsinga binti."

Bi Waridi akamtazama Kudra, akaweka kikombe chini. "Huyu?"

"Ndiye, Bi Waridi. Hakuna kama yeye huku kwetu."

"Na huo uso?"

Kudra akasema, "Uso wangu una nini, dada?"

"Una mabaka, mwanangu, na wewe unayaona kwenye kioo kama mimi ninavyoyaona hapa. Bibi arusi wetu asuguliwe na mikono ya mtu ambaye ngozi yake mwenyewe imemshinda? Watu wa Iringa watasema nini wakikuona unaingia mbele yake?" Halafu akafungua mkoba, akatoa kopo dogo jeupe, akaliweka mezani karibu na maandazi. "Sina ubaya nawe. Paka hii kila usiku. Ukisafika kabla ya arusi, karibu kwangu. Usiposafika, mtafute mwingine. Kizingiti changu hakivukwi na uso kama huo."

Kudra hakuligusa kopo mbele ya watu. Lakini aliporudi kwake alikuwa nalo, maana mama yangu alimpa uani, na Mrisho alipoliona akasema, "Paka tu, mke wangu, watu watulie." Simlaumu sana Mrisho. Ninamlaumu kidogo.

Marhamu ile ilifanya kazi, na hilo ndilo baya lake. Mabaka yalififia, uso ukang'aa. Wale wale waliosema jini wakaanza kumsifu. "Umetakata, Bi Kudra! Umekuwa Mwarabu!" Sifa zile zilinichukiza kuliko masengenyo. Akapaka zaidi. Alikuwa na haraka, maana arusi yangu ilikuwa imepangwa baada ya mavuno, na arusi ile ilikuwa ya kwanza kumpeleka Iringa. Akikubaliwa Iringa, nyumba zote za huko zingemwita. Akirudishwa mlangoni mbele ya umati, hata Chunya wasingemtaka tena.

Kisha ngozi ikaanza kuwasha. Ikabambuka. Alikwenda sokoni asubuhi moja yenye jua, akarudi kope zimevimba na uso unawaka. Na ilipopoa ile hali, mabaka yalikuwa yamerudi, makubwa kuliko mwanzo, na rangi yake si ya kahawa tena, ya majivu. Akajifungia. Arusi ya Tukuyu akachukuliwa mwanamke mwingine asiyejua hata kusaga liwa. Mwanahawa akawa analia usiku na mchana, hashibi, hanenepi, na mama yake akimnyonyesha huku amejifunika shuka kichwani asionwe na mwanawe mwenyewe. Nilimkuta hivyo siku moja, nikatoka nje nikalia kwa hasira.

Mama yake mdogo aliishi Iringa. Kudra akapanda basi na mtoto, ushungi wa buibui umeteremshwa mpaka kidevuni, akaenda kujificha kwake. Mama mdogo hakuwa mtu wa kuficha watu. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, na kesho yake akawapeleka wote wawili hospitali ya misheni Tosamaganga. Yaliyotokea huko alinisimulia Kudra mwenyewe wakati wa kunisinga, huku akicheka, na nimeyashika yote.

Mkunga aliyewapokea aliitwa Severina, Mhehe, mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alimpima mtoto kwanza, akakunja uso. Kisha akamgeukia mama.

"Kamwene, mama," akamsalimu kwa Kihehe. "Toa hiyo nguo usoni, nikuone."

"Ni uchafu tu, dada. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Nani amekuambia ni uchafu?"

"Watu."

"Watu gani hao? Wako wapi, niwaulize?" Akamvuta mpaka dirishani, akamgeuza uso huku na huku. "Hii ilianza ukiwa na mimba?"

"Ndiyo."

"Na jua? Unafanya kazi juani?"

Kudra akamweleza habari za ukuta wa mashariki, mikeka, ndimu na liwa. Severina akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikamshinda, mpaka sista mmoja akachungulia mlangoni kujua kuna nini.

"Ndimu na jua, mama! Sisi mtoto akikamua ndimu nje tunamfukuza akanawe mikono, inamchoma akikaa juani. Na wewe unajipaka usoni, unalala nayo juani kama mahindi?"

"Jua la kwetu ni baridi."

"Baridi ni upepo. Jua ni lile lile, na huku kwetu milimani ni kali kuliko la pwani. Halikupi joto, lakini linakuchoma." Halafu akasogeza kitambaa chake kichwani, akaonyesha paji la uso na mashavu. Alikuwa nayo mabaka, yamefifia, lakini yalikuwepo. "Mimi mtoto wangu wa nne ndiye aliyeniletea. Hii inakujaga na mimba. Mwingine akishazaa inaondokaga yenyewe, mwingine inakaa. Kwangu ilikaa. Ngozi ina rangi yake ndani. Mimba inaiamsha, halafu jua linaichochea. Si damu chafu, si ugonjwa wa kumpa mtu. Mume wangu ana miaka na mimi, hajapata hata moja."

Kudra alisema hapo ndipo alipolia, maana alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Kisha akatoa kopo mkobani. Severina akalifungua, akanusa, na kicheko kikakatika.

"Na mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Mama, sikiliza. Tumeshaletewa wengi wa kopo hili, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Ina zebaki. Inang'arisha kwa sababu ni sumu, inaua ngozi ya juu. Halafu inapita, inaingia kwenye damu, inaingia kwenye maziwa. Huyu mtoto hanenepi kwa sababu gani, unafikiri?"

Kudra akamtazama Mwanahawa. Aliniambia, "Rukia, nilikuwa namlisha mwanangu uso wangu." Mikono yake ilisimama mgongoni mwangu aliposema hivyo, kisha ikaendelea.

Walikaa Tosamaganga mpaka mtoto akarudisha afya yake, kwa maziwa ya hospitali na uji. Siku ya kuondoka, Kudra akauliza kama mabaka yatatoka.

"Yatapungua," Severina akasema. "Kutoka kabisa sikuahidi. Na ukishika mimba nyingine yanaweza kurudi. Kaa kivulini, jikinge ukitoka, usipake kitu chochote kinachowasha, na ndimu weka kwenye mchuzi. Halafu ngoja. Usijitazame kwenye kioo kila siku, tazama mwezi kwa mwezi."

"Na watu?"

"Dawa ya watu hatuna hapa, mama."

Kudra akarudi Mbeya mtu mwingine. Nilikuwa barazani basi liliposhusha abiria, nikamwona anakuja, ushungi ameuacha mabegani, uso wazi, mabaka yake yote ya majivu nje, na juu ya kichwa ameshika upande wa kanga kuzuia jua. Alipofika kwangu akasema, "Shikamoo hunipi?" Nilikuwa nimeduwaa. Nikampa.

Mrisho alipata habari za maziwa na kopo. Kesho yake alichukua mwavuli mkongwe wa baba yangu, uliotoboka, akautia kitambaa cha kaniki ndani, safu mbili, akashona kwa mkono kila pembe. Ulikuwa mzito kiasi kwamba upepo wa Mbeya haukuweza kuugeuza. Ilikuwa ndiyo radhi yake, na ilipokewa.

Basi mji ukapata kicheko kipya. Mwavuli wakati wa masika kila mtu anaujua. Mwavuli katika kipupwe, mbingu nyeupe, mwanamke anakwenda kununua nyanya amefunikwa na giza lake mwenyewe, hicho kilikuwa kichekesho. Watoto walimwita Bi Mwavuli. Wanawake wa ukutani walimwita waziwazi akipita. Siku moja mmoja wao, ambaye simtaji kwa sababu wajukuu zake ni watu wazuri, akamwambia, "Shoga, utajificha mpaka lini? Tumeshakuona."

Kudra akasimama. Akauinamisha mwavuli nyuma kidogo ili uso wake uonekane wote, ukiwa bado kivulini.

"Sijifichi kwenu," akasema. "Nyinyi si kitu cha kunifanya nijifiche. Najikinga jua. Na nyinyi mliokaa hapo na ndimu usoni, mkiamka siku moja mna uso kama wangu, msije kwangu mkasema sikuwaambia."

Alifika kwake, akafunga mwavuli, akautundika, akakaa ndani uso wazi. Huo ndio ukawa mtindo wake. Nje, mwavuli. Chini ya paa, hakufunika kitu. Wageni waliomjia walitazama watakavyo, naye aliwakaribisha chai. Kazi za uani alizihamishia asubuhi sana na jioni. Mwezi kwa mwezi, kama alivyoambiwa, ule ujivu ukaanza kuondoka na rangi ya kahawa ikaanza kufifia. Haikwisha. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu wanaosimulia kisa hiki wakakimalizia kwa uso uliotakata, na ni waongo.

Siku za arusi zikakaribia, na salamu zikafika kutoka Iringa kwa mdomo wa dereva wa lori: Bi Waridi amesikia kwamba yule mwanamke hakupona na sasa anatembea na mwavuli, na kwamba msimamo wake ni ule ule. Baba yangu akaogopa. Posa ile ilikuwa nzuri na yeye alikuwa na mabinti wengine nyuma yangu. Akaenda kwa Kudra na mama yangu, na mimi nikaitwa nisikilize.

"Mama Mwanahawa," baba akasema, "unajua tunavyokuheshimu. Lakini naona bora safari hii upumzike. Akusaidie mwingine. Malipo yako yako pale pale."

"Malipo sikuyauliza, mzee Bushiri," Kudra akasema. "Bibi arusi ni Rukia. Muulizeni yeye. Akinikataa yeye, nitakaa nyumbani kwangu, na nyinyi mtaleta yeyote mnayemtaka. Lakini akinitaka, nitakwenda mpaka Iringa, na nitatangulia."

Wakanigeukia. Binti hakuwa anaulizwa mambo hayo siku zile. Nikasema namtaka somo yangu, na kama Bi Waridi hataki, basi asimtake na bibi arusi pia. Baba akanitazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Halafu akaondoka, na hakulirudia jambo lile tena.

Alinisinga wiki nzima. Mama yangu alikuja na kikapu cha ndimu akagombana naye mlangoni.

"Singo bila ndimu imetoka wapi?"

"Hizo peleka jikoni, dada, pilau la arusi litazihitaji."

Na alinikataza kuota jua. Nilikaa katika chumba chenye dirisha lililofungwa nikitetemeka kwa baridi, nimejifunika mablanketi, nikisuguliwa, nikisimuliwa habari za Severina, na nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile. Siku ya nikahi nilijiona kwenye kioo nikawaita wadogo zangu waje waone.

Tukaenda Iringa na basi lililokodiwa, wanawake watupu nyuma, vumbi mpaka kwenye meno. Tulishuka mchana, jua limesimama juu ya mji na upepo ule wa Iringa unaorusha mchanga machoni. Nyumba ya Bi Waridi ilikuwa na baraza pana, na umati ulijaa mpaka barabarani, vigelegele na ngoma. Kudra alishuka kwanza. Akafungua mwavuli wake, akaniweka nyuma yake, akashika njia. Mimi nilifunikwa kanga kichwani mpaka miguuni, natazama visigino vyake tu. Bibi arusi hasemi njiani wala hainui kichwa. Nilichokijua nilikijua kwa masikio.

Nikasikia vigelegele vikipungua kuanzia mbele, kama maji yanavyokatika bombani, mpaka visigino vile vikasimama. Nikajua tumefika kizingitini.

"Bi Kudra," sauti ya Bi Waridi ikasema. "Umekuja."

"Nimekuja, dada."

"Dawa yangu hukuitumia?"

"Niliitumia." Nikasikia mkoba unafunguliwa. "Hili hapa kopo lako. Lilitaka kuniulia mtoto. Nimelibeba mwenyewe ili lisiende kwa mwingine. Na hivyo vidole vyako, dada, navijua vimetoka wapi. Acha na wewe."

Hapo niliinua ukingo wa kanga kidogo, Mungu anisamehe. Nikaona mkono wa Bi Waridi umeshika kopo, na vile vifundo vyeusi. Akauficha mkono ndani ya nguo haraka. Watu hawakuelewa. Mimi na Kudra na yeye tulielewa. Sikumwonea huruma siku ile. Huruma ilikuja baadaye, tulipokaa nyumba moja nikamwona akijipaka uso kila usiku kutoka kwenye kopo jipya.

"Haya," Bi Waridi akasema, sauti imeshuka. "Sitaki ugomvi siku ya mwanangu. Pita. Lakini teremsha ushungi. Ndani kumejaa watu wa heshima, mke wa kadhi yupo. Funika uso, umuingize mtoto, utoke."

Nikangoja. Wote walingoja. Wanawake wetu wa Mbeya, wale wale wa ukutani, walikuwa nyuma yangu, na sikusikia hata bangili ikilia. Kufunika uso kungekuwa jambo dogo sana. Kila mmoja pale alikuwa na ushungi. Angeuteremsha, tungepita, arusi ingeendelea, na angerudi Mbeya mtu aliyeingizwa Iringa kama mzigo uliofungwa.

Visigino vyake havikusogea. Nikasikia mwavuli unafungwa, ule mlio wa nyuzi zake, na nikaona ncha yake ikigonga sakafu ya baraza mara mbili, kukung'uta vumbi. Kisha ushungi wake, wote, ukaanguka mgongoni.

"Mwavuli huu ni wa jua, Bi Waridi," akasema, na sauti yake ilifika barabarani. "Ndani kwako kuna jua?"

Ncha ya mwavuli ikagonga sakafu tena.

"Basi sina cha kujifunikia."

Akamtazama. Sijui alimtazama kwa muda gani, najua tu kwamba miguu ya Bi Waridi, iliyokuwa katikati ya mlango, ilisogea pembeni. Nyuma yangu kigelegele kimoja kikapanda, cha yule shoga wa ukutani, nisiyemtaja, na wengine wakamfuata.

Kudra akaingia uso wazi, mwavuli mkononi. Nami nikaingia nyuma yake, kama bibi arusi anavyotakiwa kuingia.